Pretzeli za Keja: Venye Utazipika Laini Mwenyewe, Hata Kama Huna Oveni

Umezicheki kwa muvi mara mob. Jamaa yuko New York, anasimama kwa kigari cha barabarani, anapewa mkate umejikunja kama mtu aliyekunja mikono kifuani, una chembe za chumvi juu, anauma huku akitembea. Rangi yake ni kahawia inang'aa kama kiatu cha Jumatatu asubuhi. Hiyo ndio pretzeli laini.

Ukiangalia ndani yake hakuna kitu ya ajabu. Ni unga wa ngano, hamira, maji, chumvi, sukari kidogo na siagi. Vitu zote ziko kwa duka ya mtaa. Kama unajua kukanda unga wa mandazi, umefika nusu ya safari.

Shida ni moja. Wasee wengi wanaona video ya dakika moja, wanakunja fundo safi kabisa, wanaweka kwa moto, alafu kinachotoka ni mkate. Mkate mtamu, lakini ni mkate umekunjwa, si pretzeli. Hii hutokea juu waliruka ile hatua ya kuogesha unga kwa maji ya baking soda. Bila hiyo bafu, hata ukunje fundo la Mungu, hupati ile ngozi wala ile ladha.

So hapa tutaipeleka pole pole: pretzeli ni nini, ile bafu hufanya nini, sufuria gani usitumie, na venye utaoka ukiwa na jiko tu.

Kwanza, pretzeli ni nini haswa?

Kuna familia mbili. Kuna zile ndogo, ngumu, za paketi, unatafuna kama krisps. Alafu kuna zile kubwa, laini, zinaliwa zikiwa moto. Leo ni hizi za pili.

Pretzeli laini unaitambua kwa vitu tatu:

- Ngozi nyembamba, kahawia iliyokolea, inang'aa.
- Ndani nyeupe, laini, lakini inavutika kiasi ukiuma. Si kama keki.
- Ladha fulani ya kipekee kwa ngozi, ambayo mandazi na mkate wa kawaida hazina.

Umeona hatujataja umbo? Ujerumani, kwenye pretzeli ni chakula cha kila siku, unga huo huo huuzwa ukiwa umenyooshwa kama kijiti, na huitwa Laugenstange. Pia hutengenezwa kama skonzi, huitwa Laugenbrötchen. Hilo neno "Laugen" linatokana na ile bafu yenyewe. Yaani wenye kitu wenyewe wanaiita kwa jina la maji imeogea, si kwa jina la fundo. Ukishindwa kukunja fundo, usijali. Tengeneza vijiti na bado uko ndani.

Ilitoka wapi?

Kuna stori imezunguka sana ati mtawa fulani wa Italia aliivumbua mwaka wa 610 kuzawadi watoto waliokariri sala zao. Ni stori tamu, lakini hakuna maandishi ya wakati huo yanayoithibitisha. Ichukue kama hadithi.

Kile kiko kwa rekodi ni kwamba pretzeli inaonekana kwenye mchoro wa karamu katika kitabu Hortus Deliciarum, kilichotengenezwa Alsace karne ya 12. Kwa miji ya Wajerumani, umbo lake likawa alama ya waokaji: ukiona pretzeli ya chuma imening'inia juu ya mlango, unajua hapo ni kwa mwokaji. Jina lenyewe lina mizizi kwa neno la Kilatini la mkono, na ukiangalia lile fundo utaona kwa nini.

Wahamiaji wa Kijerumani waliibeba hadi Pennsylvania, Marekani. Mwaka wa 1861, Julius Sturgis alifungua kiwanda cha pretzeli katika mji wa Lititz. Mwaka wa 1988, Anne Beiler alianza kuuza zake kwa kibanda cha soko la wakulima huko huko Pennsylvania, na kibanda hicho ndicho kikakua kuwa Auntie Anne's, ile kampuni ya pretzeli za kwa mall. Kumbe hata hiyo jina kubwa ilianzia kwa kibanda.

Ujerumani nayo ina mitindo. Ya Swabia huwa na mikono myembamba inayokauka, tumbo nene, na mkato mmoja tumboni unaofunguka ikiiva. Ya Bavaria huwa na mikono minene na ngozi inayopasuka yenyewe. Tangu 2014, jina la pretzeli ya Bavaria linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya. Wewe chagua mtindo wako, hakuna mtu atakuja kukushika Umoja.

Ile bafu hufanya nini?

Kaa hapa kidogo, juu hii ndio siri yote.

Chakula kikiiva kwa moto mkavu, sukari na protini zilizo juu zinaungana na kuleta rangi ya kahawia pamoja na harufu. Ndio kitu hufanyika kwa nyama choma, kwa chapo na kwa kahawa ikikaangwa. Inaitwa mmenyuko wa Maillard, kwa jina la Louis-Camille Maillard, mwanakemia Mfaransa aliyeieleza mwaka wa 1912.

Huo mmenyuko hupenda mazingira ya alkali, yaani kinyume cha asidi kama ndimu. Ukiogesha unga kwa maji ya alkali kabla ya kuoka, ngozi inashika rangi haraka na kwa kina kuliko mkate wa kawaida. Wakati huo huo, maji ya moto yanapika wanga wa juu unageuka kama gundi nyembamba. Hiyo gundi ikikauka kwa moto ndio unapata ule mng'aro, na ndio inafanya pretzeli isifure ovyo kama skonzi.

Waokaji wa Ujerumani hutumia alkali kali sana, sodiamu haidroksaidi, ikiwa imechanganywa na maji mengi, karibu asilimia 3 hadi 4. Hapa Kenya hiyo ndio caustic soda, ile watu hununua kutengeneza sabuni na kuzibua mabomba.

Sikiza vizuri: usichukue ile ya mabomba ukaleta jikoni. Inachoma ngozi, inaweza kukutoa macho, na ile ya kuzibua choo haijatengenezwa kuingia kwa chakula. Waokaji wanatumia ile safi ya chakula, na glavu, na miwani, na wamefunzwa. Wewe uko kwa keja na wadogo zako wanakimbia hapo. Baking soda inatosha.

Na magadi je?

Swali poa, na najua kuna mtu ameshafikiria. Kutumia alkali jikoni si kitu ya wazungu. Magadi kutoka Ziwa Magadi, Kajiado, imelainisha githeri na mboga za kienyeji tangu zamani. Kule Magharibi, watu huchuja maji kwa majivu ya mimea ya maharagwe wakapata musherekha ya kupikia mrenda. Hizo zote ni alkali. Shosho yako alikuwa mwanakemia, hakuwa tu anapiga kelele kuhusu.

Lakini kwa pretzeli, magadi ghafi iache. Sababu ni mbili. Nguvu yake hubadilika kutoka jiwe moja hadi lingine, so huwezi pima. Pili, huwa na floraidi nyingi, na floraidi ikizidi inaharibu meno na mifupa. Baking soda ya paketi ni safi, unaipima, na matokeo ni yale yale kila siku.

Sufuria: hapa ndio wengi huangukia

Sufuria nyingi za Kenya ni za aluminiamu, zile nyepesi za kawaida. Alkali na aluminiamu haziskizani. Ukichemsha baking soda ndani yake, sufuria inageuka nyeusi, na aluminiamu inaingia kwa maji unayoogesha chakula. Na caustic soda ndio mbaya kabisa: inaila sufuria huku ikitoa gesi inayoshika moto.

Tafuta moja ya hizi:

- Sufuria ya stenlesi, ile nzito inayong'aa.
- Sufuria ya enameli, ile imepakwa rangi kama vikombe vya zamani, bora isiwe imebambuka.

Ukikosa, omba jirani. Na usiweke pretzeli zilizooga moja kwa moja juu ya trei ya aluminiamu ama foil. Weka karatasi ya kuokea katikati, na uipake mafuta.

Vitu unahitaji (pretzeli 8)

Kwa unga:

- Unga wa ngano gramu 500, karibu vikombe 4 vya mililita 250. Chukua ule wa kawaida wa chapo na mandazi. Ule umeandikwa self-raising uache, umeshawekwa baking powder.
- Maji ya vuguvugu mililita 300
- Hamira kavu ya haraka vijiko 2 vya chai, karibu gramu 7
- Sukari kijiko 1 kikubwa
- Chumvi kijiko 1 na nusu cha chai
- Siagi ama Blue Band gramu 40, ikiwa imeyeyushwa na kupoa

Kwa bafu:

- Maji lita 2
- Baking soda gramu 100, karibu nusu kikombe. Soma paketi mara mbili. Baking powder si baking soda, na haitafanya hii kazi.

Kwa juu:

- Kiini cha yai 1 na kijiko kikubwa cha maji. Ukiwa huli mayai, ruka.
- Chumvi ya chembe kubwa. Ile laini ya mezani inayeyuka na inakuwa chumvi tupu.

Muda: jumla ya masaa mawili na nusu, lakini mwingi ni wa kungoja. Unaweza maliza episodi mbili.

Hatua kwa hatua

1. Amsha hamira. Maji yawe vuguvugu, yaani ukiweka kidole usihisi baridi wala kuungua. Weka sukari na hamira, koroga, ngoja dakika 5 hadi 10. Ikitoa povu, iko hai. Isipotoa, imekufa, usiendelee. Afadhali upoteze hamira ya vijiko viwili kuliko nusu kilo ya unga.

2. Kanda. Changanya unga na chumvi, mwaga maji ya hamira na siagi. Kanda dakika 8 hadi 10. Unataka unga mgumu kidogo kuliko wa mandazi, laini kwa mkono, usionata. Ukiubonyeza na kidole, unarudi. Usiongeze maji haraka. Unga ukiwa majimaji, fundo halitashika.

3. Acha ufure. Paka bakuli mafuta, weka unga, funika na kitambaa. Ngoja saa moja, ama hadi uongezeke mara mbili. Mombasa inaweza kuwa mapema juu ya joto. Nairobi ya Julai, weka bakuli karibu na meko imetoka kupika, si juu yake.

4. Gawanya. Bonyeza hewa itoke, kata vipande 8 sawa, kila kimoja karibu gramu 105 hadi 110. Vifunike, viache vipumzike dakika 10. Usiruke hii. Unga uliochoka unajirudisha ukiuvuta.

5. Vuta kamba. Meza iwe bila unga. Unga ukiwa mwingi mezani, kamba inateleza tu haivutiki. Anza katikati, sukuma mikono kwenda nje hadi upate kamba ya sentimita 50 hadi 60. Katikati iwe nene, ncha ziwe nyembamba. Ikijirudisha, iache dakika mbili, shika nyingine.

6. Kunja. Weka kamba iwe kama herufi U, ncha zikiangalia juu. Pitisha ncha moja juu ya nyingine, alafu tena, upate msokoto mara mbili. Shusha ncha zote chini, uzibonyeze kwa tumbo la ile U, moja kushoto, moja kulia. Hiyo ndio ile mikono imekunjwa. Bonyeza kwa nguvu kidogo, ama itafunguka kwa maji.

7. Kausha ngozi. Weka pretzeli kwa karatasi iliyopakwa mafuta. Kama una friji, ziingize bila kufunika dakika 20 hadi 30. Kama huna, ziweke karibu na dirisha lenye upepo, mbali na vumbi. Ngozi ikikauka kidogo, haitararuka ukiiinua.

8. Ogesha. Chemsha lita 2 za maji kwa ile sufuria ya stenlesi. Ongeza baking soda kidogo kidogo, juu ukimwaga yote mara moja itafura itoke nje. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, so maji huko huchemka kwa nyuzi karibu 94. Iko sawa, ngoja tu yatokote. Ingiza pretzeli moja moja, sekunde 30, ukiimwagia juu na mwiko. Ipue na kijiko chenye matundu, maji yachuruzike. Ukiiacha dakika mbili, italeta ladha ya sabuni.

9. Paka, nyunyiza, kata. Paka kiini cha yai kiasi. Nyunyiza chumvi mara moja ikiwa bado mbichi. Ukitaka mtindo wa Swabia, chana tumbo na kisu kikali, mkato mmoja wa nusu sentimita.

10. Oka. Oveni iwe imeshashika moto nyuzi 220 hadi 230. Dakika 12 hadi 15. Usiitoe ikiwa rangi ya mkate, ngoja ikolee iwe kahawia ya kweli. Toa, ipoe dakika 5, kula.

Huna oveni? Rada ni hii

Oveni ndogo ya stima. Inafanya kazi poa. Washa mapema, juu nyingi huchukua muda kushika moto. Kama unaogopa tokeni: oveni ya wati 1,500 ikiwaka nusu saa mfululizo inakula karibu robo tatu ya yuniti.

Ile ya kukaanga kwa hewa. Nyuzi 190 hadi 200, dakika 8 hadi 10. Tengeneza ndogo, juu kikapu hakina nafasi. Cheki ikifika dakika 7.

Jiko la makaa. Hii ndio mbinu ile ile ya keki ya sufuria:

- Weka mchanga mkavu, safi, sentimita 3 kwa sufuria kubwa. Hapa aluminiamu ni sawa, juu pretzeli haitaigusa.
- Funika, ipashe moto dakika 15 hadi 20.
- Weka pretzeli mbili ama tatu kwa sahani ya bati yenye karatasi, ikae juu ya mchanga.
- Funika na mfuniko bapa wa chuma, alafu weka makaa juu ya mfuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, juu rangi unaitaka juu.
- Fungua kucheki baada ya dakika 12. Nyingi zitaiva kati ya 15 na 20.

Jiko likae nje, kwa balkoni ama koridoo yenye hewa. Makaa hutoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na imeua watu wamelala na jiko kwa chumba kilichofungwa. Hakuna pretzeli inafaa hiyo bei.

Meko ya gesi na chuma cha chapo. Usifanye fundo kubwa. Tengeneza vijiti vifupi ama vipande vya kuuma mara mbili, ogesha sekunde 20, kausha na kitambaa. Paka chuma mafuta kidogo, moto wa chini, funika. Dakika 5 hadi 6, geuza, rudia. Rangi itashika pande zilizogusa chuma tu, lakini ladha ya ngozi iko.

Ukitaka kuongeza nguvu

Kuna njia ya kukaribia ile bafu ya Wajerumani bila caustic soda. Tandaza baking soda kwa trei yenye karatasi, oka nyuzi 130 hadi 150 kwa saa moja. Joto linatoa maji na kaboni dayoksaidi, inabaki sodiamu kaboneti, ambayo ni alkali kali zaidi. Uzito utashuka kwa zaidi ya theluthi, hiyo ni dalili imekubali.

Tumia robo kikombe kwa lita 2 za maji. Sasa vaa glavu, usijishike macho, na usivute vumbi lake. Ikikurukia, osha na maji mengi yanayotiririka. Rangi utakayopata ni moto, lakini kama ni mara yako ya kwanza, anza na baking soda ya kawaida.

Imeenda mrama? Cheki hapa

- Rangi imepauka. Moto ulikuwa chini, ama ulitumia baking powder, ama bafu ilikuwa na soda kidogo.
- Ladha ya sabuni. Ilikaa sana majini, ama hukuacha maji yachuruzike.
- Fundo lilifunguka. Ncha hazikubonyezwa, ama meza ilikuwa na unga mwingi.
- Ngozi imekunjamana. Ilifura sana kabla ya kuogeshwa, alafu ikapoteza hewa. Kesho ipeleke mapema.
- Ngumu kama KDF ya jana. Hukukanda ya kutosha, unga ulikuwa mkavu, ama ilioka muda mrefu kwa moto mdogo. Pretzeli inataka moto mkali, muda mfupi.
- Chini imeshikana na karatasi. Hukupaka karatasi mafuta.

Za kula na nini?

Wajerumani huzichana wakapaka siagi ndani. Bavaria huila na soseji nyeupe na haradali tamu. Marekani wanachovya kwa haradali ya njano ama jibini ya kuyeyusha, ama wanaruka chumvi wakaweka siagi, sukari na mdalasini.

Hapa kwetu jaribu hizi:

- Pretzeli ya smokie. Zungushia kamba ya unga kwa smokie kutoka ncha hadi ncha, ogesha, oka. Kula na kachumbari na pilipili. Hii itaisha kabla ya zote.
- Ya iliki. Weka kijiko cha chai cha iliki kwa unga. Ikitoka paka siagi na sukari. Inakumbusha mahamri, na inaenda na chai.
- Ya ukwaju. Chumvi kiasi, pembeni sosi ya ukwaju na pilipili, ile ya viazi karai.

Kuweka

Pretzeli ni ya siku hiyo. Chumvi huvuta unyevu, so ukizifungia kwa kitu kisichopitisha hewa, kesho zina madoa ya maji na ngozi imelegea. Ziweke kwa mfuko wa karatasi. Ukitaka za wiki ijayo, gandisha bila chumvi. Siku ya kula, nyunyiza maji kidogo, weka chumvi, pasha moto kwa oveni ama chuma kavu dakika chache.

Unafikiria kuuza? Piga hesabu kwanza

Paketi ya kilo 2 inatoa batch nne, yaani pretzeli 32. Chukua kalamu, andika bei ya duka lako, si bei ya mtu wa intaneti:

1. Robo ya bei ya paketi ya unga.
2. Hamira, sukari, siagi, yai, chumvi, kwa kiasi ulichotumia tu.
3. Baking soda gramu 100. Usiisahau, na bafu moja inatosha batch mbili ukifanya siku hiyo hiyo.
4. Moto: makaa, gesi ama tokeni.
5. Karatasi ya kufungia.

Jumlisha, gawanya kwa 8. Hiyo ndio gharama ya moja. Alafu weka bei ya muda wako, juu masaa mawili na nusu si bure. Ukiona bei inafika mahali mtu wa mtaa atachagua mandazi mbili na chai, punguza saizi: gramu 60 badala ya 105 inakupa 14 kwa batch moja. Na anza na oda za watu unaowajua. Ukitaka kuuzia umma, ulizia kaunti yako mambo ya leseni na cheti cha afya kabla uanze kupost.

Mara ya kwanza fundo litakuwa limepinda kama nyaya za stima za mtaa. Iko sawa. Angalia ngozi. Kama iko kahawia, inang'aa, na ukiuma inavutika, umepika pretzeli. Fundo litanyooka batch ya tatu.